Ulaya Niliyoifua

Wadogo zangu, mkirudi safari hamna haja ya kunisimulia. Nipeni sanduku lenye nguo chafu, mniache nalo kidogo pale kwenye karo, nami nitawaambia mlikokwenda, mlichokula, mvua iliwakuta wapi, na kati yenu nani alilia na nani alimliza.

Hiyo ndiyo kazi niliyostaafu. Najua mnacheka. Mtu hajafika hata arobaini, anastaafuje? Ulizeni magoti yangu. Ulizeni na huu mgongo, ambao kila asubuhi lazima niubembeleze kama mtoto wa watu ndipo ukubali kuamka. Nilikuwa yaya Riyadh, miaka ile ambayo kila kijiji chetu kilikuwa na msichana anayepimwa damu na kupigwa picha za pasi, na kila stendi ilikuwa na mtu anayesema anamjua ajenti mzuri. Wengine walikwenda kulia, wengine wakaenda kucheka. Mimi nilifanya yote mawili, mara nyingi kabla ya chakula cha mchana.

Watu wakiniuliza kazi ya yaya ni nini, wanangoja niseme kuogesha, kulisha, kupiga pasi. Hayo yapo. Lakini kitu nilichokijua kuliko vyote, na ndicho nataka kuwaachia kabla sijakisahau, ni kupanga safari fupi ya baba, mama na watoto kwenda mji wa Ulaya. Siku chache tu, za kutembea na kurudi. Ulaya yenyewe sijaikanyaga. Nimeipanga, nimeipakia, nimeifua. Kuikanyaga, mafi, kama wanavyosema kule. Hakuna.

Familia yangu, naiita yangu kwa mazoea, ilikuwa ndogo. Madam alifundisha chuo cha wasichana. Mumewe, ambaye sote tulimwita Baba, alikuwa na ghala la vipuri vya magari kule Al-Sulay, na ndiye aliyekuwa kafili wangu, yaani mwenye karatasi zangu. Watoto walikuwa wawili. Lulwa wa darasa la pili, mdomo kama redio iliyosahauliwa ikiwaka. Na Mishari, mdogo, ambaye hakuwa ameanza shule, na ambaye hakutaka kushikwa.

Si kwamba hakupenda watu. Aliwapenda, ila mkono wake ulikuwa wake. Ukimshika kifundo cha mkono alijikunja kama jongoo, halafu akachomoka, na akichomoka anakimbia bila kuangalia. Nyumbani si neno, ukuta ni mrefu na lango limefungwa. Mimi peke yangu alinivumilia, na hata mimi alinipa ruhusa ya kidole kimoja tu.

Safari ya kwanza walikwenda Vienna bila mimi. Iliamuliwa ghafla, kama wenye nafasi wanavyoamua mambo yao, na viza yangu haikuwa hata wazo. Nilipakia masanduku tu. Na nilipakia kama mtu anayekwenda harusi: gauni la asubuhi, gauni la jioni, viatu vipya vinavyong'aa hadi unaona meno yako. Niliyapiga pasi mpaka vidole vikaniuma. Nilijua Ulaya ni mahali pa kupendeza.

Walirudi wamenuna. Madam aliingia bila salamu, akavua viatu katikati ya sebule, akaniambia, "Halas, imetosha, ya Wakio. Mafi Ulaya tena. Mafi!"

Sikuuliza. Nilibeba masanduku hadi chumba cha kufulia, nikafungua, na hapo ndipo nilipojifunza kusoma. Magauni yalikuwa yamekunjwa vilevile nilivyoyakunja, hakuna aliyeyagusa. Suruali moja ya Lulwa ilikuwa imevaliwa siku zote, inasimama yenyewe kwa uchafu. Soksi zina damu kwenye visigino, hivyo viatu vipya viliwala. Shati la Baba lina mafuta ya kukaangia kifuani, hivyo walikula wakiwa wamesimama barabarani, watoto wakilia njaa. Halafu nikatoa sweta ya Mishari. Mkono mmoja ulikuwa mzima. Wa pili ulikuwa umevutika hadi unaning'inia chini kama ulimi wa ng'ombe.

Nikamwita Lulwa. "Huu mkono umefanywa nini?"

Redio ikawaka. Kule treni zinapita barabarani, katikati ya watu na magari. Mama alimshika Mishari, akajinyofoa. Baba akamshika, akajinyofoa. Wakamshika wote wawili, huku na huku, na yeye akavuta mpaka sweta ikabaki na watu na mkono ukatoka. Akakimbia. Treni ikapiga kengele. Kulikuwa na mwanamke mwenye baiskeli, akailaza baiskeli yake chini mbele ya Mishari, paa, hivyo, mtoto akaikwaa akaanguka, na treni ikapita.

"Halafu Mama akakaa chini barabarani," Lulwa akasema. "Na koti lake zuri. Akalia."

Huo haukuwa mwisho. Habari zilifika Jeddah, kwa mama yake Baba, na mama yake Baba hakuwa mtu wa kumeza neno. Alisema kwa simu, spika ikiwa wazi, tukasikia hadi jikoni: mwanamke asiyeweza kumshika mtoto wake akae nyumbani.

Baada ya hapo Madam alikuwa anakuja chumba cha kufulia bila sababu. Anashika kitambaa, anakirudisha. Siku moja akakalia beseni lililogeuzwa, mwanamke yule na shahada zake zote, akasema, "Ya Wakio, ananikimbia mimi. Mama yake."

Nilimpa soksi azipange mbili mbili. Mtu mwenye huzuni mpe kitu cha kupanga.

Zikaisha zile soksi. Akainuka, akasema, "Tutarudi. Mji uleule. Safari hii utakuja na sisi, na utapanga wewe."

Mnanijua. Mimi moyo wangu una mbawa, hauna miguu. Siku hiyohiyo nikampigia mama yangu kule Wundanyi. "Mama, naenda Ulaya!"

"Kwa nani?"

"Na madam wangu."

"Basi huendi Ulaya," akasema, "unaenda kazini." Kisha akacheka, akampa simu Mghoi, mwanangu. Nilimwacha Mghoi akiwa mdogo kama Mishari, na sasa alikuwa rika la Lulwa. Siku niliyoondoka niligawa doti yangu ya leso, kipande kimoja nikamwachia alalie, kingine nikaenda nacho. Mghoi akasikiliza habari za Ulaya, akasema, "Niletee theluji." Nikamwambia sawa. Ningemwambia nini?

Sasa shikeni haya, maana ndiyo mliyokuja kuyasikia.

Mtu mzima akipewa mji anataka kuumaliza. Mtoto ana kitu kimoja kwa siku, na kitu hicho kiishe kabla ya adhuhuri. Bustani ya wanyama, basi. Kesho gurudumu lile kubwa la kupandia juu, basi. Alasiri ni ya kulala, hata kama nje malaika wanacheza ngoma. Siku ya mwisho usiipangie chochote, kwa sababu siku ya mwisho daima hujipangia yenyewe: kiatu kimepotea, mtu anatapika.

Usiwaweke hotelini ukiweza. Tafuta nyumba yenye jiko na mashine ya kufulia, karibu na bembea. Si karibu na makumbusho, karibu na bembea. Mtoto mwenye njaa hana Ulaya, kwa hiyo tende ziwe mfukoni mwa kila mtu mzima, na wali uweze kupikwa wakirudi. Viatu vivaliwe nyumbani wiki nyingi kabla, hadi viwe vibaya. Kiatu kibaya ndicho kizuri. Nguo usizipange gauni kwa gauni. Viringisha siku moja ya mtoto mmoja, kuanzia chupi hadi soksi, iwe furushi, uitie kwenye mfuko wake. Asubuhi mama anachomoa furushi moja, hafikiri. Na kopo! Vyooni kule hamna maji ya kujisafishia, ni karatasi tu. Familia nzima inaweza kuvunjika kwa kukosa kopo. Mimi nilipakia mawili, moja la akiba.

Mtaa nao niliuchagua mwenyewe. Ijumaa mchana, watu wakilala, nilikuwa nafungua zile picha za barabara kwenye simu na kutembea kwa kidole. Niliujua mtaa ule, niwaambie ukweli, kuliko njia ya kwetu kanisani. Nilijua wapi kuna kona, wapi kuna benchi, na duka la mikate lenye mbwa aliyefungwa mlangoni. Mbwa yule alipigwa picha siku moja tu, lakini kwangu mimi amefungwa pale mpaka leo, na bado huwa namwonea huruma.

Mutiso, dereva wetu, mtu wa Machakos, alikuwa ananiona jikoni na simu yangu anacheka. "Wee Wakio, siku hizi umekuwa ajenti wa safari?"

"Niko Vienna, usinisumbue."

"Ukifika kwa duka uninunulie mkate, basi."

"Limefungwa. Leo ni likizo yao."

"Hata hiyo unajua? Aki huyu msichana ameenda kabisa."

Lakini kulikuwa na kitu ambacho simu haikuweza kunisaidia. Watoto wa Riyadh hawatembei. Wanatoka mlangoni wanaingia garini, wanatoka garini wanaingia dukani, miguu yao ni ya kupandia viti. Mji wa Ulaya unatembewa. Na hata wangepata miguu, Mishari angeshikwa na nani? Mimi nina kidole kimoja, na kidole hakivuki barabara ya treni.

Likizo ya shule ikatukuta Jeddah, kwa bibi yao, yule wa spika. Katika nyumba ile kulikuwa na Bi Mwanaidi, Mzanzibari, mpishi wa miaka mingi, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kuagiza. Kila asubuhi alikwenda Balad kununua viungo, na mimi nikaomba nimfuate na watoto. Balad ni Jeddah ya kale. Nyumba za mawe ya matumbawe zimeinamiana, vichochoro vyembamba, wachukuzi wanasukuma mikokoteni na kupiga kelele, "Tariq! Tariq!" yaani njia, pisheni njia. Nikasema hapa ndipo shule. Mtoto akiweza Balad, Vienna ni ua wa nyumba.

Siku ya kwanza Mishari alichomoka mbele ya mkokoteni wa magunia. Nilimkimbilia hadi kiatu kikanitoka. Nilimrudisha nimembeba anapiga mateke, namkaza mkono.

Bi Mwanaidi hakuwa amesogea hata hatua. "Mwachie," akasema.

"Bi Mwanaidi, atakufa huyu!"

"Atakufa kwa kukukimbia wewe. Wamshika, ndo maana akimbia. Nani apenda kushikwa? Wewe wapenda? Hebu muweke chini."

Nikamweka chini. Bi Mwanaidi akavuta pindo la kanga yake, mimi naita leso, yeye huniambia, "Leso ya kamasi?" Akaliteremsha mbele ya mtoto na kuongea naye kwa Kiarabu chake kilichojaa Unguja. Akamwambia, ya Mishari, mimi mzee, macho yangu mabaya, mji huu mkubwa. Nishike hapa nisipotee.

Mishari akalitazama lile pindo. Akamtazama yule bibi. Akalishika kwa mkono wote, akalikaza, na uso wake ukabadilika. Ulikuwa uso wa askari wa zamu.

"Twende," Bi Mwanaidi akasema, na akaenda zake bila kugeuka. Mtoto akamfuata hatua kwa hatua, na mchukuzi alipokaribia, Mishari akainua mkono mwingine akapaza sauti, "Tariq! Tariq!" Mchukuzi akasimama. Wallahi alisimama.

"Kwetu mtoto hashikwi sokoni," Bi Mwanaidi aliniambia tulipokuwa tunachagua hiliki. "Hupewa pindo. Akishikwa ni mzigo. Akishika, ni mwenye kazi. Mwenye kazi hakimbii. Wewe si mwenye kazi? Umekimbia?"

Nikasema sijakimbia.

"Haya basi. Lete bizari."

Tulikwenda kila asubuhi. Miguu ya watoto ikakomaa, Lulwa akaacha kuomba gari. Na zilipobaki siku chache turudi Riyadh, nikamwomba Madam aje Balad. Alikuja na woga wote wa ile barabara ya treni. Nikamwambia Mishari, leo Mama ndiye mgeni hapa, usimwache apotee. Akalishika pindo la abaya yake, lile buibui lao.

"Madam, usigeuke," nikamnong'oneza. "Ukigeuka kumlinda, kazi yake imekwisha."

Alitembea shingo imenyooka kama aliyebeba mtungi kichwani. Hakugeuka. Mimi niliyekuwa kando niliona mashavu yake yamelowa, lakini miguu haikusimama, na nyuma yake yule askari mdogo akaendelea na zamu.

Sasa, ningependa hadithi iishie hapo, mimi na leso yangu tukipanda ndege. Viza za wenzangu zilitoka. Yangu haikutoka. Pasi yangu ilikuwa imebakiza miezi michache ya uhai na kule hawapokei pasi inayokaribia kufa. Mpya ilikuwa imeombwa, haijafika. Hakuna aliyekosea. Baba alikuja mwenyewe hadi mlango wa jikoni, jambo ambalo hakuwa akilifanya, akasimama anazungusha funguo. "Malesh, Wakio," akasema. Pole, basi, imetokea.

Nilisema malesh, Baba. Nikageuka nikakoroga chungu ambacho hakikuwa na haja ya kukorogwa.

Mutiso aliniletea soda. "Pole, Vienna. Lakini baridi ya huko ingekumaliza, bana."

"Ningevaa."

"Najua ungevaa," akasema, wala hakucheka, na hiyo kwa Mutiso ni mazishi.

Nikaendelea kupakia. Niliviringisha kila furushi kama vile ningekuwepo kulifungua. Chini ya viatu vya Mishari nikaweka leso yangu, ile nyekundu, ajifunike alasiri, harufu ya nyumbani imlaze. Nikawapungia mikono langoni. Mishari alikuwa ameshika abaya ya mama yake kwa mikono yote miwili, hana hata muda wa kunipungia. Nikajiambia, Wakio, umefanya kazi nzuri. Nikaingia ndani nikakaa juu ya lile beseni.

Kesho yake asubuhi nilikuwa nasafisha friji, mlango wazi, vyakula mezani. Simu ikalia. Madam. Alikuwa ananong'ona.

"Wakio, hataki kutoka."

"Amefanya nini?"

"Tuko mlangoni chini. Amekaa kwenye ngazi. Ananipapasa miguu, analia, ananisukuma. Baba yake anasema tumbebe. Nikimbeba, Wakio, itakuwa kama ile mara."

Nikafunga macho nikajaribu kumwona. Ananipapasa miguu. Nikauliza, "Madam, umevaa nini?"

"Suruali. Na koti."

"Koti refu?"

"Fupi. Lile ulilonipigia pasi."

Nikashika kichwa kwa mkono wenye sabuni. Wadogo zangu, mimi nililipiga pasi lile koti. Mimi, Bi Mwanaidi, Madam na kisomo chake, sote tulikuwa tumemfundisha mtoto kushika pindo, na hakuna hata mmoja wetu aliyekumbuka kwamba Ulaya pindo linavuliwa. Pale Riyadh abaya ilikuwa kama kuta za nyumba. Nani anafikiri kuta zitabaki nyuma?

"Abaya iko wapi?"

"Niliivua ndegeni. Watoto walikuwa wanalia, ikabaki kwenye kiti."

"Madam, fungua sanduku la Mishari. Chini ya viatu kuna leso."

"Ile nyekundu? Yenye maandishi?"

"Ifunge kiunoni, juu ya koti. Pindo literemke upande wake."

Akanijibu kwa sauti ndogo: "Ya Wakio. Hapa ni Vienna."

"Madam," nikamwambia, "huko nani anakujua?"

Nilisikia ngazi, mlango, zipu ya sanduku, Baba akiuliza kitu na Lulwa akimjibu baba yake kwa niaba ya ulimwengu mzima. Kisha nikasikia Madam akiinama, sauti yake imekuja karibu. Hakumwambia twende. Alisema, "Mishari. Mimi sijui njia hapa. Nishike nisipotee."

Alisahau kukata simu. Labda hakusahau, sikumwuliza. Ilikuwa mfukoni mwa lile koti, na mimi nilisimama pale jikoni Riyadh nikatoka nao. Nilisikia mlango mzito. Nilisikia viatu vibaya vya watoto kwenye mawe. Kona. Nikajua hapo kuna benchi. Nikasikia mbwa akibweka, nikasema, wee, bado upo! Nikasikia magari, watu, kisha kengele. Kengele ya treni ya barabarani, wazi kabisa, sikioni mwangu.

Na katikati ya hiyo kengele, sauti ya mtoto, kali kama ya mchukuzi wa Balad: "Tariq! Tariq!"

Treni ikapita. Viatu vikaendelea.

Nilikuwa bado nimesimama mbele ya friji iliyo wazi, baridi yake inanipuliza kifuani, maziwa yanaharibika mezani. Nikasema, basi, hii ndiyo baridi ya Ulaya. Nimeipata.

Na mnajua leso ile ilikuwa imeandikwa nini? YANGU YANAKUWASHIA NINI? Nilinunua kwa sababu ya jirani mmoja. Mwanamke wa heshima wa Riyadh akauzunguka mji wote wa Vienna, siku zote walizokaa, akiwatukana wapita njia kiunoni, na hakuna aliyejua kusoma.

Waliporudi, Madam alitoa salamu mara mbili. Sikuhitaji simulizi. Nilibeba masanduku kwenye karo. Mafurushi yote yamefunguliwa, kila siku na uchafu wake: matope ya bembea magotini, manyoya ya mnyama fulani, makombo ya mkate mifukoni. Soksi safi visigino. Sweta, mikono yote miwili sawasawa. Leso ilikuwa chini kabisa. Pembe tatu zilikuwa safi. Ya nne ilikuwa nyeusi, imekunjamana, imekaukiwa chokoleti, ina umbo la ngumi ndogo. Nililoweka nguo zote. Leso nikaiweka kando kwanza.

Madam akaingia. Akaiona. "Hiyo," akasema, "niachie mimi."

"Madam, ni kipande cha doti. Kina mwenzake nyumbani."

"Najua," akasema. "Niachie."

Nikamwachia. Jioni walikuwa wanakwenda dukani. Mutiso kaleta gari, watoto wametoka mlangoni, na mimi kwa mazoea nikanyoosha kidole changu. Mishari akakipita. Hakukikataa, hakukiona tu. Alikwenda moja kwa moja kwenye abaya ya mama yake, akaishika, akatazama kushoto na kulia kama mwenye gari.

Kidole nikakirudisha, nikajikunia sikio.

Mkataba wangu ulipofika mwisho sikuongeza. Baba aliniuliza, Madam alilia, na mimi pia, lakini nilikuwa nimechoka. Sikupigwa, sikulala njaa, msije mkanisingizia. Nilichoka kama nguo inavyochoka. Haichaniki. Inafuliwa, inafuliwa, mpaka siku moja unaishika juani unaona mkono wako upande wa pili.

Nilifika Wundanyi asubuhi. Mghoi alikuwa stendi na mama yangu. Mrefu! Alinipokea begi kwa mikono miwili, akasema, "Shikamoo. Karibu, Mama. Pole na safari," vizuri kabisa, kama anavyopokewa mchungaji. Hakuuliza theluji. Kipande chake cha leso mama yangu alikuwa amekifanya pazia la dirisha la jikoni, kimefubaa, jirani anakisoma kila siku.

Siku ya soko tulitoka sisi wawili. Pale barabarani siku hizi malori hayapumziki. Nikaunyoosha mkono nimshike, na yeye, kwa adabu sana, akautoa wake akajitengeneza nywele. Tukasimama ukingoni, mimi na mwanangu, nafasi ya mtu mmoja katikati yetu. Lori likapita. Lingine.

Nikainama kidogo, nikashika pindo la sweta yake.

Akageuka. "Mama, vipi?"

"Hapa pamebadilika," nikamwambia. "Nishike hapa nisipotee."

Alinitazama. Alitazama mkono wangu, kisha barabara, kushoto, kulia, kushoto tena.

"Basi shika vizuri," akasema, akashuka barabarani bila kugeuka nyuma.